Akiba Huoza

Wahenga walisema akiba haiozi.
Hawakuwahi kuutia mashineni mkanda wa mwaka juzi,
saa saba usiku,
wakausikia ukikwaruza kama panya ndani ya debe,
kisha kimya, kisha herufi nyekundu: hausomeki.

Basi nikaanza upya.
Nakala ya kwanza kwenye diski ya pembeni,
ya pili katika jengo lililo ng'ambo ya mji,
ya tatu nikaitia mfukoni mwa koti,
maana siamini kitu kisichonigusa paja nikitembea.

Nje, Wrexham inanyeshewa mvua isiyo na haraka,
mvua ya kuajiriwa, yenye mkataba wa kudumu.
Chini ya wodi ya wazazi tuko watatu, mimi na seva mbili:
kikongwe wa toleo la tisa, anayehema kwa feni,
na mgeni wa toleo la kumi na nne, baridi, hajui jina la mtu.
Kati yao waya mmoja wa buluu
na miaka ishirini na sita ya waliozaliwa hapa.

Delyth yuko kwenye simu, nyumbani, mwanawe amemlalia begani.
Ananisomea hatua kwa kunong'ona, nami nabonyeza.
Zima huduma. Funga milango. Hesabu kabla ya kuhama.
Arobaini na nane elfu, mia mbili na kumi na wawili.
Anza.

Wanapita. Sioni nyuso, naona mstari wa kijani ukirefuka.
Kilo tatu nukta moja. Pacha. Pacha mwingine.
Mmoja aliyezaliwa ndani ya lifti, mkunga ameandika hivyo hivyo: lifti.

Saa kumi kasoro robo. Wangapi wamefika?
Arobaini na nane elfu, mia mbili na kumi na mmoja.

Mmoja.

Toleo jipya lina adabu. Linauliza:
rekodi moja ina kasoro, niiruke niendelee?
Kitufe cha ndiyo ni kikubwa, kimenawiri.
Chai yangu imepoa, imefanya utando.
Nani atajua?

Nikafungua orodha ya makosa, nikashuka mstari kwa mstari
hadi nikamkuta amekwama mlangoni:
mtoto wa kike, Februari, elfu mbili na tatu.
Mama: Hidaya Mang'enya.

Ni ile ritifaa.
Kialama kama ukucha wa mtoto mchanga;
kwa mashine ni komeo la kufungia neno.
Ikafunga kwenye Mang, ikamwacha enya nje, mvuani.

Mwongozo unashauri: futa alama zisizo za lazima.
Zisizo za lazima kwa nani?
Ifute, uone: aliyeng'oa jino
atabaki na ngoa, watu wadhani analia wivu.

Nikamtajia Delyth jina, nikangoja alivunje
kama linavyovunjwa kwenye kila kaunta.
Akalirudia. Mang'enya.
Puani, laini, zima.
"Kwetu ng ni herufi moja," akasema,
"ina kiti chake katika alfabeti, baada ya g.
Na bibi yangu Siân, toleo la sita lilimtia alama ya kuuliza tumboni.
Alikufa nayo."
Mtoto wake akakohoa. Tukangoja alale.

Dawa yenyewe ni ya ajabu:
ritifaa unaiandika mara mbili ili isomwe mara moja.
Nikaiandika mara mbili.
Na kumi na wawili.

Kikongwe sikumzima, kanuni zinampa siku thelathini.
Nilimwacha akihema gizani, mikono mitupu,
au labda si mitupu, anakumbuka kila kitu na hakuna anayemuuliza.
Nikatoka, nakala ya tatu ikinigusa paja.
Kituoni, juu ya ubao uliolowa, mji umeandikwa mara mbili,
Wrecsam, Wrexham,
na hakuna aliyeuambia uruke moja.